Maji ya Mfereji na Salamu ya Chrispine Oduor

Sogeeni, enyi watu wa Bofu, nanyi wa ng'ambo ya feri mnaojiona mwajua kila kitu, zimeni simu zenu mnisikilize, kwa maana naisimulia siku ile Chrispine Oduor, simba wa chumba cha dharura, muuguzi asiyetetemeka mbele ya damu, alipovuka barabara kwa miguu yake mwenyewe kwenda kusema na muuza samaki.

Mwaka uliopita Mama Florence, muuza samaki huyo, alijikata kidole akipaa samaki. Hospitalini akakuta utafiti: jeraha lioshwe kwa maji ya chupa ya hospitali, au maji safi ya mfereji? Alikubali kwa hiari, kura ikapigwa, ikaangukia mfereji. Kidole kilipona, moyo haukupona. Wenzake waoshwe kwa maji ya chupa, yeye aoshwe kama sufuria! Tangu hapo Chrispine, aliyemwosha, akimwamkia haitikiwi, na akinunua samaki hupewa mkia. Naye kalelewa na bibi. Salamu isiyojibiwa humnyima raha.

Matokeo yalipotoka, mabingwa waliyasoma hotelini, wakapigiana makofi, wakala biriani, wakaenda zao. Waliooshwa hakuna aliyewaambia kitu. Wallahi nilikasirika.

Chrispine naye akasema imetosha. Akavua glavu, akatoka langoni, akalikabili jeshi la bodaboda. Akasonga, akarudi nyuma, akasonga tena, hata akasimama mbele ya karai lililokuwa likitokota. Mama Florence akampa mgongo, na mgongo ule ulikuwa ngome.

"Shikamoo, mama," akanena shujaa.

Samaki akageuzwa upande wa pili.

"Mama, nimeleta jawabu la kidole chako. Tuliwaosha watu wengi, nusu kwa chupa, nusu kwa mfereji, na wote wamepona sawasawa. Sasa mtoto wa Bofu akijikata na chupa zimekwisha, hatangojeshwa. Ataoshwa papo hapo. Hayo tumeyajua kwa sababu yenu, na ilitupasa tuje kukwambia mapema. Niwie radhi."

Mama Florence akaweka upawa chini. Akakitazama kidole chake kwa muda mrefu, wateja wakingoja.

"Kwani na hiki kimo humo?"

"Kimo, mama."

Akamfungia samaki aina ya changu, mzima, kichwa na yote, akamkabidhi kwa mkono wa kile kidole.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, wajukuu wapate kusoma: adhuhuri hiyo, kando ya barabara ya Bofu, mbele ya mashahidi wenye njaa, Mama Florence alisema, "Marahaba, mwanangu."