Wateja Wasio na Haraka

Kinanda aliwaona wakiwa bado ng'ambo ya barabara, na mate yakamjaa mdomoni. Baba aliyevaa aproni ya useremala, mama mwenye mkoba mkubwa, bibi mwenye fimbo, na watoto wanne waliopungua urefu kama ngazi. Watu saba. Watu saba hawaji yadi ya magari kuuliza bei ya baiskeli.

Wangekuja peke yao, wangekuwa halali yake. Yadi ile ilikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa na madalali wote: mteja anayejileta ni wa dalali wa getini, na mteja anayeletwa kwa mkono ni wa aliyemleta. Kinanda ndiye aliyekalia kiti cha getini, kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja. Kwa kiti kile alikuwa amelipa mahari, amejenga vyumba viwili na amenenepa. Hakukipata kwa jasho. Alikipata kwa mdomo, maana hakuitwa Kinanda bure, ukishambonyeza, hazimiki.

Ubaya ni kwamba watu saba hawa walikuwa wameongozana na Mpole.

Mpole alikuwa dalali wa nyuma kabisa, karibu na choo, ambako watu wanaofika huwa na haraka ya jambo lingine. Alizungumza chinichini kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Kinanda alimshika kiwiko, akamvuta nyuma ya lori, akamuuliza wale ni kina nani.

Mpole alijibu kwa unyonge kwamba ni wateja wake wa siku nyingi. Wana vani ya familia, ile ya mlango wa kuburuta, na sasa wanatafuta gari la juu lenye safu tatu za viti lishike nafasi yake. Vani yenyewe wataitoa kama sehemu ya malipo.

Masikio ya Kinanda yalisimama. Vani za namna ile zilikuwa zinauzwa kabla maji ya kuoshea hayajakauka. Angeiita chuma chakavu, angeipokea kwa kuwahurumia, na jioni angeiuza kama lulu. Gari lenyewe lingekuwa faida ya kwanza, vani ingekuwa faida yenye nyama.

"Niachie hao, ndugu yangu," alisema. "Unataka nini?"

Mpole alitazama chini. "Labda kiti," alisema.

"Kiti kipi?"

"Cha getini."

Kinanda alimuuliza kama ameamka vizuri. Mpole hakubishana; aligeuka aende kwa wateja wake. Wakati huohuo bibi aligonga gurudumu la gari la kwanza kwa fimbo na kutamka kwamba lile gurudumu limekula chumvi nyingi kuliko yeye.

Sasa, Kinanda alikuwa na imani moja maishani, na aliishika kuliko wengine wanavyoshika dini. Aliamini kwamba anayesifu gari anapitisha muda tu, lakini anayelikosoa ameshalinunua moyoni. Kusikia lile neno la bibi, alimrudisha Mpole, wakapeana mikono mbele ya mlinzi kama shahidi: kiti kwa familia. Mpole alifuta jicho moja kwa kidole. Kinanda alimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo kitu pekee cha kweli alichokitoa siku ile.

Gari alilowaonyesha lilikuwa jeupe, refu, lenye viti vinane na manukato mengi kuliko bibi harusi. Rangi mpya ilikuwa imepakwa juu ya rangi ya zamani, na ile ya zamani juu ya mambo yasiyosemeka. Lakini silaha ya Kinanda haikuwa rangi. Viti vya safu ya kati vilisukumika mbele na nyuma, na hapo ndipo alipokuwa bingwa. Mteja akikaa safu ya tatu, Kinanda anavisogeza vya kati mbele mpaka vigote. Mteja ananyoosha miguu na kushangaa. Kisha anaombwa ahamie katikati, na wakati mteja anazunguka mlango, Kinanda ameshavirudisha nyuma kwa goti. Mteja ananyoosha tena, anashangaa tena. Ni familia ngapi zilizouziwa nafasi ileile mara mbili kwa mtindo huo, Mungu ndiye ajuaye.

Alimpandisha mama nyuma, akamsogezea. Alipomwomba ahamie katikati, bibi alinyoosha fimbo ikazuia mlango.

"Mjukuu wangu," alisema kwa upole, "sisi gari hatupandi kwa zamu."

Wakaingia wote. Magoti ya watoto yakagusa videvu. Seremala akachomoa utepe wa kupimia, akapima kutoka kiti hadi goti, akatikisa kichwa kama daktari. Mama aliuliza mkoba wake utakaa wapi. Mtoto mkubwa alisema mkanda umekwama, mdogo akasema kuna harufu ya paka chini ya ile ya manukato. Kinanda alisikiliza lawama zile kama anayesomewa wosia wa mjomba tajiri. Hawa walikuwa hawalalamiki, walikuwa wananunua kwa sauti.

Seremala alisema shida si magoti peke yake. Gari la familia lazima lionekane likifanya kazi ya familia. Kinanda akasema mzee amenena, akachukua funguo, na bibi akakaa mbele, fimbo kati ya magoti.

Walianza na kliniki, kujaribu kama bibi anaweza kupanda ngazi ya gari akitoka kuchuliwa mguu. Jaribio lilidai bibi achuliwe kwanza, kwa hiyo walisubiri. Kisha wakaenda kwa fundi cherehani, maana mama alitaka kujua kama nguo za shule za watoto wanne zinakaa bila kujikunja. Zilikaa. Baada ya hapo ikaja haja ya kupima kama godoro linaingia, na kwa kuwa hakuna anayeweza kupima godoro kwa maneno, mama alinunua moja. Liliingia, ila Kinanda aliendesha huku limemlalia kisogoni.

Halafu seremala akataka kujua nguvu ya keria. Walipita karakana kwake, wakafunga kabati la milango miwili juu ya gari, wakalipeleka kwa mtu aliyekuwa ameliagiza. Kinanda ndiye aliyeshika upande mzito. Aliona kwa macho yake seremala akilipwa, na akafurahi, maana mtu mwenye pesa mkononi hulainika. Taa ya mafuta ilipowaka, aliongeza mafuta mwenyewe na kukataa kabisa kusaidiwa, ingawa, tukisema ukweli, hakuna aliyejitolea.

Kila kituo kilizaa kasoro mpya. Gari linapumua vibaya mlimani. Linashuka matako likibeba. Mlango wa nyuma unahitaji mtu wa kuushikia fimbo. Na kila kasoro ilimpandisha Kinanda daraja. Alikuwa ameshaona vani ikitoka nyumbani kwa watu hawa na kuingia mfukoni mwake.

"Basi tukaione hiyo vani yenu," alisema, akijitahidi sauti isiruke. "Sijui kama itakuwa na thamani, lakini nitawasaidia."

"Ipo nyumbani," alisema seremala. "Imepumzika."

Ilikuwa imepumzika kweli. Ilikaa kando ya ukuta bila magurudumu, na mmea wa maboga ulikuwa umepanda boneti, ukaingia dirishani na kutokea upande wa pili. Kuku watatu walikuwa safu ya tatu. Wa nne alikuwa kwenye kiti cha dereva, akiatamia, na alimtazama Kinanda kwa jicho la ofisa aliyeingiliwa bila hodi. Injini haikuwepo. Mahali pake palihifadhiwa mbao fupi.

Kinanda alizunguka vani yote. 

"Ilizima lini?" aliuliza mwishowe.

Mama, aliyekuwa anashusha godoro, alifikiri. "Huyu mdogo alikuwa hajaota meno," alisema.

Mdogo alimchekea Kinanda. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameshang'oka.

"Na muda wote huo mnasafiri kwa gari gani?"

Seremala aliukunja utepe wake polepole. "Tunachagua," alisema.

Akaeleza, bila haya, kwamba gari la familia si kitu cha pupa. Bibi aliongeza kwamba lile jeupe si baya, mjukuu wangu, ila safu ya tatu inabana. Jumamosi ijayo, alisema, aje na lile la bluu aliloliona yadini, na aje mapema, kuna harusi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Kinanda alipofika yadini, nyasi za godoro shingoni. Mpole alikuwa ameketi getini. Alikuwa ameufunga upya ule mguu wa kiti kwa waya mpya.

"Kabati pia?" aliuliza Mpole, chinichini.

"Mpaka ndani kwa mwenyewe."

"Mimi kilikuwa kitanda." Mpole alijiweka sawa kitini. "Niliwanunua kwa dalali wa yadi ya jirani. Nilimpa saa yangu ya mkono. Usiku mzima nilicheka, nikidhani nimemwibia."

Kinanda alitazama nyuma, kule chooni, kwenye debe lililopinduliwa alilokuwa akikalia Mpole, ambalo sasa lilimsubiri yeye. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye yadi nyingine mpya, ambako dalali mmoja mnene alikuwa amejitanua kwenye kiti cha ngozi, kile cha magurudumu, kinachozunguka.

"Wana vani," alinong'ona Kinanda, akijisikiliza. Akaishusha sauti zaidi, mpaka ikawa ya wodini. "Ya mlango wa kuburuta."

Kisha akafuta jicho moja kwa kidole, kujaribu.