Baiskeli ya Kumfuata Baba Mkwe

Jumatano saa kumi za jioni redio ya mtaa ilisoma majina ya watakaokwenda safari ya baiskeli ya Jumapili, kutoka Bel-Air, mtaani kwetu, hadi kilomita ya thelathini, barabara ya Likasi. Majina yalikuwa kumi na tisa. La kumi na nane lilikuwa la Papa Israël. La kumi na tisa lilikuwa la Lombe.

Lombe alikuwa ameketi mbele yetu na kikombe mkononi. Hakuwa na baiskeli.

"Lombe gani ule?" aliuliza Ma Hortense, anayetuuzia kahawa na mikate ya mafuta kwenye kona yetu.

"Ni miye," alisema Lombe. "Papa Israël njo aliniandikisha. Aliniuliza kama ninapendaka sport. Nikasema ndiyo, Papa. Ungesema nini weye?"

Papa Israël ni baba yake Chancelvie, na Jumamosi ya juma lijalo familia ya Lombe ilitakiwa kumpelekea mahari. Ni Mkasai wa kizamani, na kwao mkwe hampi mkwe mgongo. Mchumba wa kwanza wa Chancelvie alimtangulia mzee huyo kupita mlangoni siku ya kupeleka barua, na hakuitwa tena. Kama kulikuwa na sababu nyingine, sisi hatukuitafuta.

Kijiweni kwetu kila mtu ana jina. Mimi ni Cours du Soir, kwa kuwa cheti changu nilikipata kwenye masomo ya usiku nikiwa na miaka arobaini na miwili, na wanaoniita hivyo siwakatazi. Sudi, fundi cherehani anayeshona hapo hapo barazani, ni Santimetre. Doudou anauza baiskeli za mitumba zinazoshuka na makontena kutoka Ulaya. Yeye ni Bruxelles, ingawa hajawahi kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Lombe alikuwa bado hana jina. Siku hiyo tulimpa Dix-neuf, yaani Kumi na Tisa.

"Dix-neuf," alisema Doudou, "hii affaire ni ya dakika mbili. Niko na vélo de course mbili, za mbio, ya bluu na ya kijivu. Ya bluu iko carbone. Unaibeba na kidole moja."

"Juu ya nini nibebe kinga na kidole?" aliuliza Lombe. Kinga, kwetu, ni baiskeli. " Kwetu Kasenga, kinga njo inabebaka muntu na samaki yake."

"Hii haibebake samaki. Ata chupa ya maji inaikasirisha."

Alikwenda kuzileta zote mbili, akaziegemeza ukutani. Matairi yalikuwa membamba kama kamba ya kuanikia nguo. Ma Hortense aliuliza kama zilikuwa zimekonda njiani.

"Kwanza kipimo," alisema Sudi. Alivua utepe wake shingoni. "Simama. Vula viatu. Panua miguu." Akampima kutoka katikati ya mapaja hadi chini, kama mtu anayetaka suruali. "Makumi nane na moja."

"Ile inaomba cadre ya cinquante-quatre," alisema Doudou bila kufikiri, yaani fremu ya hamsini na nne. "Na zote mbili ziko cinquante-quatre."

"Unajua namna gani?" aliuliza Sudi.

"Niko na mbili tu."

Sudi akavaa subana yake ya kushonea kidoleni, akaigonga ile ya bluu bomba kwa bomba, sikio karibu. Carbone iliyopasuka ndani, alituambia, inalia kama chungu chenye ufa. Hii ililia vizuri. Lombe akaipanda, akashika usukani ulioinama kama pembe za kondoo, akainama nao. Akazunguka mti wa umeme mara tatu. Mara ya nne alipita kabla hatujageuka kumtazama.

"Hii!" alisema aliporudi. "Njo hii. Ata sikukanyaga."

Hapo nikauliza swali moja. "Ukienda na hiyo Jumapili, utampita Papa Israël?"

"Atamupita," alijibu Doudou kwa fahari ya muuzaji. "Ata kama hataki."

Ma Hortense akaweka birika chini. "Apite baba mukwe? Amupatie mugongo?"

"Mugongo ni kidogo," alisema Sudi. "Ile kaptula yao ya kubana, miye niliitengenezaka. Haifichake kitu. Tena pale nyuma iko na kagodoro."

"Basi achukue ya kijivu," alisema Doudou, ambaye hapotezi mteja. "Iko ya chuma, iko nzito. Atabaki nyuma."

"Nyuma ya nani?" aliuliza Ma Hortense.

"Ya Papa Israël."

"Akiangalia nini?"

Doudou alipangusa kiti cha baiskeli ambacho kilikuwa safi.

"Kilomita makumi tatu," alisema Sudi mwishowe. "Na kurudia."

"Ataangalia chini," alisema Doudou.

"Barabara ya Likasi uangalie chini? Na malori ya madini? Batamurudisha mu mufuko," alisema Sudi.

"Basi aende pembeni yake."

"Bega kwa bega na baba mukwe? Sawa bantu babili banatoka ku bar?"

"Heshima si utumwa," alisema Doudou.

"Ni kweli," alisema Ma Hortense. "Mutumwa, yeye, banamuambiaka pa kupita."

Lombe alikuwa bado juu ya baiskeli ya bluu, mguu mmoja chini. "Nikatae kwenda?"

"Ukatae mualiko ya baba mukwe, juma moja mbele ya mahari?" alisema Ma Hortense.

"Nigonjwe?"

"Ugonjwe juma moja mbele ya mahari? Batasema unapelekea mutoto yao maiti."

Akashuka, akairudisha ukutani kwa mikono miwili. "Chancelvie aliniambia kitu moja tu: usimuharibie baba roho. Ule bwana wa kwanza hakurudiaka, ba papa. Minamupenda ule mwanamuke. Munitafutie njia."

Tulikuwa tunatafuta wakati Papa Israël alipokata kona kwa miguu, na mfuko wa plastiki mkononi. Lombe aligeuza macho ukutani haraka. Mzee alimwona, akageuza macho barabarani. Kwao mkwe hamkodolei macho mkwe, na neno likiwa zito hupitia kwa mtu wa tatu. Ma Hortense ni Mkasai pia. Alikwenda kusimama katikati yao, birika mkononi.

"Ma Hortense," Papa Israël aliiambia barabara, "umuulize kijana kama alisikia redio."

"Lombe, ulisikia redio?"

"Umuambie Papa nilisikia."

"Papa, alisikia."

"Niko na furaha." Akatoa kaptula nyeusi mfukoni, akampa Sudi bila kumtazama mtu. "Santimetre, huku nyuma uniongezee kitambaa. Kishuke mpaka mu magoti."

Sudi aliigeuza, akaivuta, akapima. "Papa, itaingia mu chaîne ya kinga."

"Basi, acha." Akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni. "Ma Hortense, umuambie kijana nilimuandikisha na roho safi. Nilitaka kuona kama anajuaka kupanda kilima. Kisha nikafikiri: nani atakuwa mbele?"

"Lombe, Papa anauliza nani atakuwa mbele."

"Umuambie ata siye tunauliza vile."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepata jibu alilolitarajia. "Nilifundisha hesabu miaka makumi tatu na ine. Iko na exercice ya treni mbili. Moja inatoka A, ingine inatoka B." Alingoja lori lipite. "Miye nitatoka Bel-Air na benzangu. Yeye apande taxi-bus na kinga yake mpaka kule kilomita makumi tatu. Ashukie pale, aanze kurudi. Tutakutana mu njia. Tutasimama, tutasalimiana, kila muntu ataendelea."

Ma Hortense alianza kuyarudia yote, Lombe akamwambia amesikia. Hakuna atakayekuwa mbele, hakuna atakayekuwa nyuma. Hata mimi, niliyefanya mazoezi ya treni mbili miaka miwili bila kuona faida yake, nilivua kofia.

"Mtakutana katikati kamili?" niliuliza.

"Ile inategemea kinga atauza," alisema Papa Israël. Kwetu kuuza na kununua ni neno moja, na mwalimu hakuwa na haja ya kufafanua.

"Ma Hortense," alisema Lombe, "umuulize Papa: nichukue ya bluu ao ya kijivu?"

Mzee aliijibu barabara. "Umuambie achukue yenye inasimamaka. Kupita mukwe ni kosa. Kumugonga uso kwa uso ni kosa ya kupita ile."

Basi Doudou akainyanyua ya bluu, akazungusha gurudumu, akaminya breki. Gurudumu liliendelea. Akaminya kwa mikono miwili. Likapunguza mwendo kwa adabu, kisha likaendelea. Ya kijivu alipoiminya, ilisimama papo hapo.

"Ya bluu," alieleza Doudou, "iko ya bantu benye habana bakwe."

Lombe akachukua ya kijivu.

Jua lilikuwa limeshuka. Papa Israël alisema wakati wa kurudi umefika, lakini hakuondoka, kwa sababu angemgeuzia kijana mgongo. Lombe alishika usukani, lakini hakuondoka, kwa sababu mzee alikuwa bado amesimama. Doudou alibeba ya bluu kwa kidole kimoja, akaenda. Sudi alifunika cherehani. Nilimaliza kahawa yangu, nikaaga. Ma Hortense alikusanya vikombe na viti vyote, akavipanga kichwani.

"Mwenye atabaki wa mwisho," alisema, "azime moto ya makaa."

"Ndiyo, Ma," waliitika wote wawili, mmoja akiutazama ukuta na mwingine barabara.