Tetekuwanga ya Majarida

Jumatatu, 3 Mei 1999

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua sanduku la bati, moyo ukanishuka. Kuvu! Madoa meupe na ya kijani juu ya majarida yangu yote ya michezo ya video. Toleo la kwanza kabisa, la mwaka 1983, limegandana kurasa kama chapati zilizosahaulika kwenye sahani.

Mke wangu, Mbithe, amesema hizo ni karatasi tu. Mimi nilitunza chumba cha michezo cha hoteli kule Diani. Kila jarida ambalo wageni waliliacha kando ya bwawa nililiokota, nikalikausha, nikalipiga pasi. Kisha wageni wakaacha kuja, hoteli ikafungwa, mashine zikachukuliwa. Majarida yamebaki, na pwani yote hii hayana mtu ila mimi, Mutinda.

Na Kibwana. Lakini huyo simhesabu.

Nimeamua. Kila jarida litakaushwa, litasafishwa, litaingizwa kwenye orodha kwa namba, mwezi na mwaka. Nimeanza kwa kuchonga penseli.

Jumatano, 5 Mei

Kukausha. Jua hakuna. Nimemwamkia Bi Mwanatumu, mwenye nyumba wetu, nikamwomba uchaga ulio juu ya meko yake. Amekubali, Mungu ambariki. Hakuniambia kwamba ndipo anapokaushia papa.

Kufikia alasiri majarida yamekauka vizuri mno, na yananuka papa vizuri mno. Paka wa kijiji chetu kizima cha Mwabungo wamekuja kukaa mlangoni. Mmoja ameondoka na jalada la Toleo la 9. Nimemkimbiza mpaka msikitini, akapanda ukuta, akanitazama.

Kwenye orodha nimeandika: Toleo la 9, halina jalada. Sababu, paka.

Ijumaa, 7 Mei

Orodha yangu ni aibu. Moja, tatu, tano, saba! Siku hoteli ilipofungwa, mimi na Kibwana, aliyehudumu baa ya hoteli, tuligawana majarida juu ya kaunta: moja langu, moja lako. Tuliona ni haki. Nikaondoka na namba witiri zote, yeye akaondoka na shufwa zote, akaenda nazo kwao Kinondo.

Matokeo yake ni haya. Katika ule mchezo wa ngome, mimi najua jinsi ya kuingia. Toleo la 23 linaeleza kila hatua, mpaka mlango wa chini ya ardhi unapojifunga nyuma yako. Kisha linasema maelezo yataendelea mwezi ujao. Mwezi ujao uko Kinondo! Nimefungiwa humo ndani tangu mwaka juzi.

Nilimwomba aniazime. Akasema nimpelekee yangu, maana yeye ndiye anayejua kupanga. Anapanga kwa herufi. Majarida! Tangu hapo hatusemezani.

Leo nimepata wazo. Bi Mwanatumu anakwenda arusini Kinondo kesho. Nimemweleza, kwa masikitiko, kwamba kumeingia ugonjwa mpya, tetekuwanga ya karatasi. Huanza na madoa. Huambukiza. Hupenda zaidi namba shufwa. Tiba ninayo mimi peke yangu, na mgonjwa sharti aletwe kwangu. Bi Mwanatumu ameshika kifua, akasema atamfikishia Kibwana habari hizo, maskini.

Jumapili, 9 Mei

Bi Mwanatumu amerudi. Kibwana amekagua majarida yake mbele ya wageni wa arusi, na madoa ameyakuta. Bila shaka! Mvua ni hii hii. Amepotewa na rangi kabisa.

Nimesafisha nafasi kwenye rafu. Mbithe ameniuliza ninatabasamia nini, nikamweleza. Yeye hakutabasamu. Amenikumbusha kwamba ni Kibwana aliyekaa na mimi hospitali ya Msambweni nilipolazwa na malaria, akaninywesha uji kwa kijiko. Nimesema hilo ni jambo jingine.

Jumatatu, 10 Mei

Kibwana amefika katikati ya mvua, katoni kichwani, ameifunika kwa pazia la bafu la hoteli. Mwavuli ameushikilia juu ya katoni. Yeye mwenyewe alikuwa chapachapa.

Hakutaja ugomvi wetu. Amenipa mkono, akaketi. Amesema jarida moja lilikuwa na madoa kuliko mengine yote. Amelitenga kando, akalitazama siku nzima, akaona litayaua mengine.

“Nimelichoma, Mutinda,” akasema. “Ili haya mengine yapone.”

Nikamuuliza namba gani.

“Ishirini na nne.”

Nimekaa chini. Palikuwa na ndoo ya maji hapo, nikaketi ndani yake. Mbithe amenitazama, na mimi nimetazama ndoo.

Jumatano, 12 Mei

Kibwana bado yuko kwetu, analala sebuleni. Tunafuta kuvu kwa kitambaa kikavu, tunatia majani ya mwarobaini kati ya kurasa. Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Anaifuata kwa adabu kama yuko wodini.

Leo nilikuwa ninasoma Toleo la 23 kwa sauti. Nikafika pale mlango unapojifunga, nikafunga jarida. Kibwana hakuinua kichwa.

“Usikimbie,” akasema. “Mwache mlinzi apite mara ya pili, kisha ruka ushike mnyororo.”

Akaendelea. Ngazi, kisima, daraja bovu, mpaka nje kwenye jua. Yote kwa moyo! Kumbe muda wote huo alikuwa anatoka katika ngome ambayo hakujua mtu huingiaje. Tumerudia tangu mwanzo, mimi nikaingia, yeye akatoka. Bi Mwanatumu amekuja kusikiliza, akauliza huyo mfungwa alikosa nini. Hatujui.

Kwenye orodha nimeandika: Toleo la 24, limo kichwani mwa Kibwana.

Mbithe amesema sasa nimwambie kweli. Nimeahidi. Ijumaa, nikimsindikiza kwao.

Ijumaa, 14 Mei

Njia nzima nimefanya mazoezi ya neno la kwanza. Tumefika Kinondo, baraza imejaa watu. Arusini kila mtu alisikia! Wamekuja na hati za mashamba, vyeti vya shule, picha za arusi, zote zina madoa.

“Huyu ndiye daktari wa karatasi,” Kibwana akawaambia, mkono wake begani kwangu.

Bi Jumwa, jirani yake, alikuwa na picha ya marehemu mumewe. Uso wote umemezwa na kuvu. Ningesema nini? Nimefuta taratibu kwa kitambaa. Yakatokea masharubu, kisha jicho moja, kisha mzee mzima. Bi Jumwa amelia, akaniombea dua ndefu. Nami nimelia kidogo.

Hapo ningesema. Nilifungua kinywa kabisa. Nikajisikia ninawaeleza kwamba uko ugonjwa wa pili, mbaya zaidi, homa ya manjano ya karatasi, na kwamba Jumatatu ninafungua kliniki.

Mbithe ameniuliza kama nimemwambia Kibwana. Nimesema watu walikuwa wengi. Nimemwomba anishonee koti jeupe. Amesema kitambaa cheupe tulicho nacho ni shuka la kitanda tu.

Litatosha. Mimi si mnene.