Mtoto Aliyeingia Bila Kupita Mpakani

Idara ya Uraia iliutangazia umma, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti vilivyokuwa vikikoroma, kwamba suala la watoto limekwisha. Kuanzia siku hiyo, kila mtoto aliyezaliwa nchini na wazazi wageni wenye ukaazi wa kudumu angekuwa raia kamili, bila longolongo, mradi tu athibitishe kwamba yeye mwenyewe aliingia nchini kihalali.

Sharti hilo la mwisho lilitungwa na Mkurugenzi, asubuhi moja, akinyoa ndevu. Alilipenda sana. Sheria isiyo na sharti, alizoea kuwaambia walio chini yake, ni mlango usio na bawabu.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa mama mmoja fundi cherehani, mwenye kibanda nyuma ya soko, kamshika mkono binti yake mwenye pengo la mbele. Yeye na mumewe, fundi magari, walikuwa na ukaazi wa kudumu tangu kabla mtoto hajazaliwa. Binti alitakiwa kuanza darasa la kwanza Jumatatu, na mwalimu mkuu alishasema: hakuna cheti cha uraia, hakuna dawati. Lugha ya kwao bibi yake, mtoto huyo alijua maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya kukatazwa.

Kwa kuwa kulikuwa na mwandishi wa gazeti na kamera yake, Mkurugenzi alikaa dirishani mwenyewe.

"Huyu aliingia nchini kupitia mpaka gani?"

"Hakuingia, mheshimiwa. Nilimzalia hapa hapa, hospitali kuu."

"Mama, tuelewane. Kabla hajazaliwa, alikuwepo nchini?"

"Hakuwepo."

"Na baada ya kuzaliwa?"

"Akawepo."

"Basi aliingia. Mtu hawezi kutokuwepo, halafu akawepo, bila kuingia mahali. Ninachouliza ni wapi."

Foleni nzima ilisogea kusikiliza. Fundi alimtazama binti yake, akamtazama Mkurugenzi, akaona bora aseme kweli yaishe.

"Kupitia kwangu."

Nyuma huko mtu alikohoa kwa namna ya kuficha kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na hoja akiiona huitambua. Alijifungia na mwanasheria wa idara, wakaagiza chai, na mchana wakatoka na uamuzi ambao haukuwahi kutolewa na idara yoyote: mama yule ametambuliwa rasmi kuwa Kituo cha Mpaka. Alikabidhiwa muhuri, kidau cha wino na bendera ndogo ya mezani.

Fundi aliugeuza muhuri mkononi. "Kwa hiyo nimgongee sasa hivi, niende zangu?"

"Bado. Kituo kipya lazima kikaguliwe kwanza."

"Kitakaguliwa lini?"

"Kamati ya ukaguzi ikishaundwa."

"Mheshimiwa, shule ni Jumatatu."

"Elimu haina mwisho, mama," alisema Mkurugenzi kwa upole.

Fundi alifunga bendera ndani ya kanga. Kisha akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia: "Samahani, na wewe mheshimiwa, uliingilia wapi?"

"Mimi nimezaliwa hapa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndivyo nilivyosema na mimi."

Mwandishi wa gazeti aliandika neno kwa neno. Asubuhi yake Waziri alisoma habari hiyo, akapendezwa na ile harufu ya usawa, akatoa agizo: sharti liwahusu wote, kuanzia wakuu wa idara, ili wawe mfano. Atakayefika Ijumaa bila muhuri wa mpaka alioingilia, arudishe funguo za ofisi na za gari. Funguo za ofisi hazikumtisha sana Mkurugenzi. Za gari ndizo zilizomkata maini.

Mama yake Mkurugenzi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, aliishi ng'ambo ya pili ya mji huo huo, mwendo mfupi kwa gari. Mkurugenzi alimkuta uani anaanika nguo. Akamsomea tamko la kumfanya Kituo cha Mpaka, akamwekea muhuri na bendera juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Ni wewe uliyemuuliza yule mama wa watu mtoto wake aliingilia wapi?" aliuliza mama, hajageuka.

"Ni utaratibu, mama."

"Haya. Kaa pale kwenye benchi. Kituo hakijafunguliwa."

Akaanika nguo mpaka ya mwisho. Kisha akavuta kiti, akavaa miwani.

"Umetoka wapi?"

"Ofisini."

"Unakusudia kukaa muda gani?"

Mkurugenzi alitupia saa jicho. "Dakika kumi."

"Umebeba nini?"

"Muhuri."

"Mikono mitupu, yaani."

"Mama, ni mimi."

"Wote husema hivyo. Kituo hiki kilipitisha mtoto mmoja tu, namkumbuka vizuri. Alikuwa akilia nikienda dukani. Wewe mwaka wa tatu huu sijakutia machoni." Akamkagua kuanzia viatu kwenda juu. "Kichwa kinafanana. Kilikuwa kikubwa vile vile, nikadhani kitapungua."

Mkurugenzi aliuchukua muhuri juu ya ndoo, akamnyooshea. 

"Na mtoto wa yule mama wa watu, keshapata cheti?" aliuliza mama.

"Kituo chake hakijakaguliwa."

"Nenda kakikague. Mimi nakungoja."

Alasiri hiyo kamati ya ukaguzi iliundwa ndani ya gari, ikiwa na mjumbe mmoja. Mkurugenzi aliingia kibandani kwa kuinama, akatazama cherehani, vitambaa, na fundi aliyeshika sindano kwa meno. Hakuuliza swali. Fundi aligonga muhuri, Mkurugenzi akatia saini cheti juu ya meza ya cherehani.

"Kwa hiyo nimeshafika?" aliuliza binti.

"Umefika."

"Lakini nilikuwa hapa hapa."

"Ndiyo," alisema Mkurugenzi. "Nimejulishwa."

Ijumaa alirudi kwa mama yake mapema, safari hii na kilo mbili za sukari. Mama alipokea sukari, akagonga muhuri kwa nguvu, akaandika pembeni kwa mkono wake. Mkurugenzi akasoma: Kibali cha muda. Kinaisha Jumapili. Kuongezewa muda, mhusika afike mwenyewe na ale chakula.

Waziri alikichunguza kibali hicho, akakikuta halali, akamruhusu kubaki na gari hadi Jumapili.

Jumapili Mkurugenzi alikula akashiba, akaongezewa wiki moja. Alipokuwa akiosha sahani ndipo akapata ujasiri.

"Mama, na ukaazi wa kudumu je?"

"Hebu tuone kwanza tabia yako," alisema mama.