Nywele za Erastus Kwenye Bahasha Yangu

Jumatatu, 5 Mei 2025
Watafiti wamefika Makongeni. Wanataka nywele. Dada anayeitwa Dorine ametueleza kwamba nywele huhifadhi alama za vitu vinavyoingia mwilini, na maabara yao ya Ruiru inaweza kuzisoma. Wanaojitolea watapewa fulana na chakula cha mchana. Kuku. Nimejiandikisha upesi. Kofia sikuivua. Nina upara tangu nioe.
Jirani yangu Erastus, fundi wa betri za magari, amekataa. Anaogopa nywele zake zitafika kwa mganga. Sawa. Kuku wake nitamla mimi.

Jumatano, 7 Mei
Bahasha ya nywele niliyopewa na watafiti imejaa. Nilikaa kwa kinyozi Kitheka nikijifanya nasoma gazeti hadi Erastus akaja kunyolewa. Alipotoka, nikaokota fungu zuri la kisogoni. Kitheka akauliza nazipeleka wapi. Nikasema natengeneza mto. Alinitazama sana.

Alhamisi, 22 Mei
Dorine amepiga simu. Nywele zangu zina risasi nyingi mno. Simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu, Beth, akapiga nduru, akauliza nani amenipiga risasi na kwa nini nimemficha. Nusu ya wapangaji wa ploti walikuwa mlangoni kabla Dorine hajaeleza kwamba risasi hii ni madini, yale ya kwenye betri. Huharibu figo na ubongo polepole. Akauliza kama naumwa na tumbo, kama mikono hunitetemeka.
Mimi sina neno. Lakini Erastus analalamikia tumbo tangu Krismasi, na juzi alimwaga chai akiinua kikombe.
Ugali umenishinda.

Ijumaa, 23 Mei
Nilipanga kumwambia Erastus nimeoteshwa. Beth akanisukuma mbele, akasema niseme ukweli. Nikausema.
"Ndung'u, uliokota nywele zangu?"
"Za kisogoni tu."
Nilingojea ngumi. Akakaa juu ya tairi, akaitazama mikono yake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama nitamsindikiza Ruiru. Nimemsindikiza. Dorine amenigombeza mbele ya watu wote, akafuta jina langu, akampeleka Erastus kupimwa damu.

Jumamosi, 31 Mei
Majibu ya damu yametoka. Ni risasi kweli, lakini tumewahi. Anatibiwa, na haruhusiwi tena kuyeyusha betri pale nyumbani. Amekula kuku. Amepewa fulana. Anamwambia kila mtu kwamba nimemwokoa, nami simkatazi.
Nimesikia watafiti wengine wako Ruiru. Wanatafuta mapacha. Chakula ni mbuzi. Nimemwambia Erastus kwamba akinyoa kichwa chote, na tukivaa makoti ya rangi moja, hakuna atakayetushuku.
Amefikiri kidogo. Akauliza kati yetu nani atakuwa mkubwa.