Jina Langu Ubaoni

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kanikumbusha kwamba Jumamosi baba yake anatimiza miaka sabini, na kwamba ukoo mzima utamlisha kwenye ule mgahawa wa shambani, nje kidogo ya mji. Ule wa vyakula visivyopigwa dawa, kutoka shambani hadi mezani. Nikasema vizuri. Kisha nikakumbuka ubao. Yarabi, ubao!

Mlangoni pale pana ubao mweusi. Kila siku mama mpishi, mwenye mgahawa, huandika kwa chaki chakula cha siku na jina la aliyekilima. Wiki ya tatu sasa biringani ni za mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Na baba mkwe alikuwa bwana shamba miaka thelathini! Mkwe mmoja ubaoni, mwingine, yaani mimi, anatoa fotokopi dukani. Haiwezekani. Jumamosi jina langu liwe pale, la sivyo nahama mji.

Jioni nimepita kwa mama mpishi. Nimemwambia nina shamba la karoti nyuma ya nyumba. Kauliza tangu lini. Nimesema tangu zamani. Kasema atakuja Alhamisi, maana hapokei kitu kabla hajaking'oa kwa mkono wake na kukitafuna papo hapo. Safi kabisa.

Jumanne, 5 Machi

Nimelikagua shamba. Si shamba. Ni uwanja wa nyuma uliojaa magugu. Mke wangu ananiomba niyafyeke tangu kitinda mimba wetu anatambaa, na sasa yuko darasa la pili. Nimepalilia dakika kumi, kiuno kikagoma. Nimepumzika mpaka saa kumi na moja. Palipolimika panatosha tuta moja.

Jumatano, 6 Machi

Sokoni. Mafungu thelathini ya karoti zenye majani yake. Muuzaji kauliza kama nafuga sungura. Watu wana udadisi! Nimezipanda kabla ya chakula cha mchana, fungu kwa fungu ili kuokoa muda. Zimependeza hadi nimezipiga picha. Mke wangu kasimama mlangoni, kaguna, karudi ndani. Mguno ule naujua.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mpishi kafika saa tatu, na buti zake za mpira. Kainama, kavuta karoti moja. Zikatoka sita, zimefungwa pamoja kwa kimpira chekundu.

Nikamweleza kuwa aina hii huzaa kwa mafungu. Kauliza, na kimpira? Nikasema hudondoka chenyewe karoti zikikomaa. Kacheka mpaka kajifuta machozi kwa aproni. Kisha kazunguka uwanja wote akichuma majani huku na huku na kuyatia mdomoni, hasa yale manene yanayotambaa. Kauliza kama nimewahi kupiga dawa hapa. Nikajibu, na huu ndio ukweli wangu wa kwanza wiki hii, kwamba hapa sijawahi kupiga hata jembe. Kajaza kikapu, kaondoka, kicheko chake kikasikika hadi barabarani. Nadhani ameamini.

Jumamosi, 9 Machi

Tulikuwa kumi na mmoja, meza moja ndefu ya mbao zisizopigwa randa. Kuku wanapita miguuni. Baba mkwe kakalishwa juu ya gogo. Kauliza kama viti vimeibiwa. Mhudumu kamweleza kuwa ndio mtindo. Baba mkwe kasema yeye alikulia juu ya gogo na alisoma kwa bidii ili aondoke juu yake.

Ubao sikuthubutu kuutazama. Mwanyumba kausoma kwa sauti. Supu ya maboga, ya mjane wa mtoni. Biringani za kuchoma, zake yeye. Saladi ya magugu, ya kwangu. Jina langu lote, herufi kubwa. Magugu! Kairudia mara mbili, meno yote nje. Nilitamani niingie chini ya meza nikae na kuku.

Saladi ikaja kwenye bakuli za mti, na limau na chumvi. Baba mkwe kaonja. Kaongeza. Kasema mara ya mwisho kuyala majani haya ni mama yake aliyemchumia, na kisha yeye akatumia miaka thelathini kuwafundisha watu kuyang'oa. Biringani hakuzigusa. Kaniita mwanangu! Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mara ya kwanza. Nimefurahi hadi naona aibu kuandika.

Mama mpishi anataka vikapu viwili kila Jumamosi. Kasisitiza nisifanye chochote. Nisiguse hata jani.

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri. Ikiwa magugu yasiyotunzwa yamefika mbali hivi, yakitunzwa je? Nimenunua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi. Maelekezo yanasema kijiko kimoja kwa kila shina. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya waoga. Nimemwaga wote.

Jumanne, 12 Machi

Yamekauka yote. Magugu yaliyoshinda ukame, mbuzi wa jirani na mke wangu, yamekufa kwa siku mbili. Mke wangu kapiga vigelegele.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata! Shamba la mwanyumba limejaa magugu yale yale katikati ya biringani. Nimemwendea asubuhi, nikamwambia undugu ni kufaana, nitampalilia bure kila wiki, na magugu nitayabeba mwenyewe nisimwachie uchafu. Kanipa jembe.

Nimemaliza matuta kumi na manne. Yeye kalala kivulini na redio yake, akaamka mara moja tu kunionyesha shamba lake la pili, ng'ambo ya mfereji. Viganja vimejaa malengelenge, kiuno hakinyooki, na biringani zake hazijawahi kupendeza hivi. Namhurumia, kwa kweli. Masikini hajui kwamba namwibia.