Benchi la Nyuma, Chumba cha Chini

Jumatatu, 4 Novemba

Habari kubwa! Chuo chetu kitafungua kituo cha kuwasaidia walimu wafundishe vizuri zaidi. Kiongozi wake atakuwa mmoja wetu wawili: mimi, Jean-Marie Zagabe, mwalimu wa mantiki, ao Virginie Nsimire wa biolojia. Virginie atatoa somo la mfano Ijumaa. Mimi nitasoma hotuba kwenye colloque, mkutano wetu wa wasomi, Alhamisi ya wiki ijayo, mbele ya wageni. Heshima ya wageni ni yangu. Vizuri sana.

Notisi zangu za kufundishia mantiki sijawahi kubadilisha hata koma. Virginie ana nini? Anagawanya wanafunzi katika vikundi vidogo na kuwaacha wabishane. Hiyo si kozi, hiyo ni soko.

Recteur, mkuu wa chuo, amenipa kazi ya kupanga vyumba. Kosa lake.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempangia Virginie chumba cha chini, kile kinachotazama ziwa, ambacho hakuna mwalimu anayekitaka. Ukungu unaingilia madirishani hata mchana. Kuta zinanuka matope.

Papa Mugisho, anayeshika funguo zote za chuo, alinisihi niache. “Papa Prof, kule chini hapana,” alisema. “Kule iko mutu.” Nikacheka. Akanieleza polepole, akitazama sakafu. Zamani mwanafunzi mmoja, jina lake Sagesse, aliuliza swali humo ndani. Profesa wake akamwambia angoje, atajibiwa mwisho wa kozi. Kabla ya mwisho wa kozi, mtumbwi wa Sagesse ulizama ziwani. Maiti haikuonekana. Profesa naye akafa kwa ugonjwa. Basi, kwa maneno ya Papa Mugisho, kijana bado anangoja.

Upuuzi! Nikashuka peke yangu kupima sauti ya chumba. Nikasimama mbele, nikatamka mstari wa kwanza wa kozi yangu: “Watu wote hufa.”

Kutoka benchi la nyuma, sauti ya kijana, tulivu kabisa, ikauliza sababu: “Juu ya nini?”

Hapakuwa na mtu. Benchi lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yanatona kutoka kwenye kiti hadi chini. Mvua haikuwa imenyesha.

Sikukimbia. Nilitembea haraka sana, na koti langu likabaki.

Nimefika nyumbani nikitetemeka kwa furaha. Virginie amekwisha!

Ijumaa, 8 Novemba

Sijawahi kuona dunia isiyo na haki namna hii.

Recteur alikaa upande wa dirisha, mimi karibu na mlango, kwa sababu za usalama. Virginie alianza na moyo: unapiga namna gani, unasukuma damu namna gani. Akasema siku moja unachoka na kusimama. Mara moja, kutoka nyuma: “Juu ya nini?”

Baridi ilipita chumbani. Msichana mmoja, Ornella, aligeuka kutazama benchi lile, akarudisha macho mbele haraka na kujifunga kitambaa shingoni. Nikangoja Virginie apige kelele. Nilikuwa nimeandaa uso wa masikitiko.

Hakupiga kelele. Alishika meza, kisha akasema: “Ile ni swali muzuri. Nani atajaribu kujibu?”

Mikono ikainuka! Hata ya wale ambao kwangu hulala. Walibishana mpaka muda ukapita na hakuna aliyetaka kutoka. Recteur alisema hajaona somo hai kama hilo. Hai! Akaamuru colloque ifanyike humohumo.

Niliomba sala ndefu kanisani. Sikuombea mtu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimefikiri. Siri ya Virginie ni yule kijana wa majini. Basi, lazima awe upande wangu.

Mchana nilichukua beignets, maandazi ya mke wangu Laurette, nikashuka, nikaziweka kwenye benchi la nyuma. Kwa heshima yote nikamweleza Sagesse kwamba Alhamisi anaruhusiwa kuuliza swali moja tu, na lazima liwe hili: “Papa Zagabe, hekima hii yote umeipata wapi?” Jibu ninalo tayari, kurasa kadhaa.

Kisha beignets zikaanza kuvimba taratibu, kama mikate iliyotiwa ndani ya ndoo ya maji, mpaka zikapasuka.

Nimechukulia kwamba amekubali.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika kwa shida.

Watu walijaa. Wageni kutoka Uvira na Goma, Recteur mstari wa mbele, Virginie pembeni na wanafunzi wake. Nikapanda, nikafungua karatasi. “Watu wote hufa.”

“Juu ya nini?”

Nikajifanya sikusikia. “Sokrate ni mtu.”

“Juu ya nini watu wote wanakufa?” Sauti ilikuwa imepanda.

Nikajibu kwamba ni hivyo kwa sababu imeandikwa katika kozi. Mgeni wa Goma akainua mkono na kusema hata yeye angependa kujua. Recteur akaitikia kwa kichwa: naye pia! Ndipo nikahisi viatu vyangu vimelowa. Maji yalikuwa yanakuja sakafuni, membamba, bila haraka, kutoka nyuma hadi kwangu tu. Karatasi zikawa nzito mkononi. Wino ukatiririka wote. Nikabaki na kurasa nyeupe.

Nilifungua mdomo niseme mantiki kwa kichwa. Hakukuwa na kitu. Nimeifundisha maisha yangu yote, na hakukuwa na kitu.

Virginie akasimama. Akalitazama benchi la nyuma kama unavyomtazama mtoto wa dada yako. “Sagesse,” alisema, “sijue, ndugu yangu. Kweli sijue. Kuja karibu, tutafute pamoja.”

Mwalimu kusema hajui, mbele ya Recteur!

Benchi likalia. Nyayo za maji zikaonekana kwenye saruji, moja, tena moja, zikipita katikati ya watu. Zikafika mstari wa mbele. Recteur, mtu mzima na tai yake, akasogea taratibu kuacha nafasi.

Na wakaendelea kujadiliana, wote, na nafasi ile yenye maji katikati yao. Ornella alikuwa analia na kuandika. Mimi hakuna aliyenikumbuka. Nilikuwa bado nimesimama pale mbele.

Jumamosi, 16 Novemba

Virginie ameteuliwa. Amenialika, kwa upole unaoudhi, niwe wa kwanza kwenye mafunzo yake. Nimekataa. Nimemwandikia Recteur kwamba tatizo la Alhamisi lilikuwa unyevu, na kwamba nitaanzisha kituo changu mwenyewe, cha walimu wanaopenda utulivu. Ghorofa ya juu kabisa, mbali na ziwa, mbali na wanafunzi wanaouliza.

Kuna chumba huko juu kilichofungwa miaka mingi. Kikavu kabisa! Papa Mugisho alinipa ufunguo kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuzia ukutani, kisha akashuka ngazi akijifanyia ishara ya msalaba.

Sikumuuliza kitu. Nimeshapanga viti.